Mawe ya petroli ya Ubundu na habari ya mvuke

Ninyi familia mliokimbia vijiji vyenu mkakuja hapa mjini, kila mwaka radio trottoir inaturudishia habari ileile: chini ya udongo wa Tshopo kuna petroli. Si uongo mtupu. Lakini tuangalie ni petroli ya namna gani.

Wabeleji walikuwa wanayajua mawe meusi ya kandokando ya Lualaba, kati ya Stanleyville na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Mwaka 1923 mwanajiolojia Passau alichapisha kazi nzima juu yake. Mawe hayo ni tope la ziwa la kale, la zaidi ya miaka milioni 150, na ndani yake wataalamu walikuta samaki waliogeuka jiwe. Ukiyachoma yananuka petroli. Ila hakuna mafuta ya kuchota humo. Kuna kitu kigumu ambacho hakijaiva kuwa petroli, na kukiivisha inaomba moto wa zaidi ya digrii 350.

Wengine wanasema: basi waingize mvuke, kama kwingine. Huko kwingine ni wapi? Mwaka 1959, kule Mene Grande nchini Venezuela, watu wa Shell walikuwa wakisukuma mvuke chini ya ardhi. Mvuke ukapasua udongo ukatokea juu. Walipofungua visima ili kupunguza nguvu yake, mafuta mazito yakaanza kutoka yenyewe. Tangu hapo kazi hiyo ikaenea. Huko Oman, ambako familia nyingi zinaongea Kiswahili chetu, kisima baada ya kisima kinapewa mvuke pale Mukhaizna.

Mama yeyote wa sokoni ataelewa. Mawese yakiganda, unasogeza chupa karibu na jiko, yanalainika, unamimina. Mvuke unafanya vile kwa mafuta ambayo tayari ni mafuta. Mawe ya Ubundu si mawese yaliyoganda; ni matunda ya mchikichi ambayo hayajapikwa wala kutwangwa. Mvuke peke yake hauyatoshi.

Tena mvuke unakula. Unaomba maji mengi na moto usiozimika. Mababu wa mtoni waliona hayo mapema: masua za mvuke zilizopanda hadi Stanleyville zilisimama kituo kwa kituo kupakia kuni, na wanakijiji ndio waliolazimishwa kuzikata.

Petroli ya kawaida nayo ilitafutwa katika bonde kubwa la Kongo. Walichimba Samba mwaka 1955, Dekese 1956, halafu Mbandaka na Gilson 1981, visima hivi viwili vikipita metre 4000. Hakuna kilichotoa mafuta ya kuuzwa. Mwaka 2022 Kinshasa ilipiga mnada bloki 27 za petroli, ikaufuta mwezi wa 10 mwaka 2024, na mwaka 2025 ikafungua bloki nyingine 52.

Hapo ndipo roho yangu haitulii. Tangu mzozo wa Mbole na Lengola wa 2023, mashamba mengi upande wa Lubunga na Ubundu yalibaki bila mwenyewe wa kuyalinda. Sheria ya hidrokaboni ya 2015 inadai uchunguzi wa madhara kwa mazingira kabla ya kazi. Basi mtu akija kambini na karatasi ya kutia sahihi juu ya petroli, aulizwe mbele ya mkuu wa kijiji na mashahidi: mnatafuta mafuta au mawe? Mtayapika kwa moto gani, kwa maji ya mto upi, na uchunguzi uko wapi?