Hakika ya Kupimwa: Hoja Kuhusu Ulevi na Vifo Katika Barabara ya Kisii–Keroka

Keumbu ni soko lililokaa kandokando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Keroka na Sotik. Wauza ndizi, abiria wa matatu, bodaboda na malori hubanana hapo. Dereva mlevi akipita, wa kwanza kuhatarishwa ni mtu asiye na bati la kumkinga. Makala haya yanadai kwamba kuzidisha ukali wa adhabu hakutoshi kumlinda mtu huyo. Kinachomlinda ni dereva kujua kwa hakika kwamba atapimwa.

Kasoro ya kwanza imo katika sheria. Kanuni za trafiki za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa iliona kuwa zinakinzana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kinachotaka ithibitishwe kwamba dereva amelewa hata hawezi kuliongoza gari ipasavyo. Sharti hilo linasubiri ulevi uonekane kwa macho, ilhali uwezo wa kukadiria mwendo na kufunga breki kwa wakati hupungua mapema zaidi. Bunge liweke kikomo ndani ya Sheria yenyewe, tena kishushwe: kile cha kanuni za 2011 ni sawa na gramu 0.08 katika desilita ya damu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza 0.05, na 0.02 kwa madereva wapya.

Hata hivyo, kikomo bila upimaji hakifui dafu. Uingereza ilianza kupima pumzi mwaka 1967, lakini polisi walihitaji kwanza kumshuku dereva. Vifo vilishuka ghafla, kisha nafuu ikafifia madereva walipogundua kuwa ni nadra kusimamishwa. New South Wales, Australia, iliruhusu mwishoni mwa 1982 dereva yeyote apimwe popote, na upimaji ukafanywa kwa wingi bila kukoma. Huko nafuu ilidumu.

Kwa Keumbu, funzo ni kwamba misako ya sikukuu haitoshi. Vizuizi viwekwe jioni za kawaida, vihamishwe mara kwa mara, na waendesha bodaboda wapimwe sawa na wenye magari. Wapo watakaosema upimaji utazidisha hongo. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kila kipimo kinapaswa kuhifadhiwa na kifaa pamoja na saa na mahali, kisha kumbukumbu zikaguliwe na mamlaka iliyo nje ya kituo cha polisi husika. Serikali ya kaunti nayo iweke taa, matuta na njia za waenda kwa miguu penye soko, kwa kuwa hakuna upimaji utakaomnasa kila mlevi.

Hatua hizi zinagharimu fedha na nidhamu ya kila wiki. Mama anayevuka barabara na mkungu wa ndizi anastahili gharama hiyo kabla ya ajali, kwa kuwa adhabu, hata ikiwa kali vipi, humfikia yeye ikiwa imechelewa.