If We Were Villains

If We Were Villains ni riwaya ya mapenzi na taharuki ya mwandishi Mmarekani M. L. Rio, iliyochapishwa na Flatiron Books mwaka 2017. Inawahusu wanafunzi saba wa uigizaji, wote wa mwaka wa nne, katika chuo cha kubuni cha Dellecher, jimbo la Illinois, ambao huigiza tamthilia za Shakespeare peke yake. Jina la kitabu limetokana na maneno ya Edmund katika King Lear, pale anapowabeza watu wanaozisingizia nyota maovu waliyoyatenda wenyewe.

Hadithi

Msimulizi, Oliver Marks, anatoka gerezani baada ya miaka 10. Anayemngoja ni Colborne, mpelelezi wa kesi yake, ambaye anaiacha kazi ya polisi na hajawahi kuridhika na maelezo aliyopewa. Oliver anamrudisha nyuma hadi mwaka 1997.

Kwa miaka mitatu wanafunzi hao wamezoea nafasi zilezile: Richard mfalme au mbabe, James shujaa, Alexander mwovu, Meredith mrembo wa kutamaniwa, Wren binti mpole, huku Filippa na Oliver wakipewa kinachobaki. Mwaka wa mwisho mpangilio unavunjika. James anapewa nafasi ya Macbeth, na Richard hakubali kushindwa. Hasira yake inashuka naye kutoka jukwaani. Usiku wa onyesho hilo anamzamisha James ziwani, nusura amuue.

Baada ya onyesho la Julius Caesar, ambamo Richard ndiye Kaizari, kunafanyika sherehe ya ulevi na ugomvi. Alfajiri anakutwa ziwani, ameumia vibaya, lakini bado anapumua. Wenzake sita wamesimama gatini. Wanamtazama, wanashauriana, na hawamwokoi. Hii ndiyo sura yenye nguvu kuliko zote kitabuni, kwa kuwa waliomchoma Kaizari kwa visu vya bandia sasa wanaua kweli bila kuinua mkono.

Kuanzia hapo siri inawala mmoja baada ya mwingine. Oliver anajikuta katika mapenzi na Meredith, aliyekuwa mpenzi wa Richard, huku moyo wake ukiwa kwa James, pendo ambalo hakuna kati yao anayethubutu kulitamka. Usiku wa onyesho la King Lear, James anakiri kwa Oliver kwamba ndiye aliyempiga Richard. Colborne yupo ukumbini. Oliver anajitwisha kosa lile na kwenda jela badala ya James. Barua ya James inayofunga kitabu inamwachia msomaji swali.

Muundo

Riwaya imegawanywa katika matendo matano yenye maonyesho, kama tamthilia, na mara kwa mara mazungumzo huandikwa kwa jina la mhusika na maneno yake. Wanafunzi hujibizana kwa mistari ya Shakespeare hata mezani, jambo linalomchosha msomaji asiyezijua tamthilia hizo.

Tamthilia zilizomo na Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili ana njia nzuri ya kuingilia kitabu hiki. Julius Caesar ilitafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, ikatoka mwaka 1963. Toleo alilolisahihisha, Juliasi Kaizari, likafuata mwaka 1969. Nyerere alihifadhi ushairi usio na vina wa Shakespeare, kazi ngumu aliyoifanya kwa ustadi mkubwa. Macbeth ilitafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la Makbeth, mwaka 1968. Nusu ya kwanza ya riwaya imejengwa juu ya tamthilia hizo mbili. Romeo and Juliet huchezwa wakati wa Krismasi.

Mwandishi

Rio alikuwa mwigizaji kabla ya kuandika, na alisoma shahada ya uzamili ya Shakespeare huko London. Hii ni riwaya yake ya kwanza. Graveyard Shift ilifuata mwaka 2024.

Mapokezi

Hulinganishwa na The Secret History ya Donna Tartt (1992). Vijana wengi wameijua kupitia TikTok.