Kutoka Makerere hadi Kamwokya: Nani Msomaji wa Kwanza?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wengi hudhani mwandishi wa hadithi ni mtu wa kujifungia chumbani peke yake. Historia ya Kampala inaonyesha kwamba kabla ya mswada kumfikia mchapishaji, mara nyingi hupitia kwanza mikononi mwa mwandishi mwenzake.

Mfano wa kwanza ni mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962. Walihudhuria Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele na wengine. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo hicho. Alimpa Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilichapishwa London mwaka 1964, katika mfululizo wa vitabu ambao Achebe alikuwa mhariri wake.

Hata hivyo, mkutano ule uliwaalika wanaoandika kwa Kiingereza tu. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika vitabu vingi kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi pale. Alifariki mwezi huohuo. Baadaye Ngũgĩ mwenyewe aliukosoa ubaguzi huo.

Umoja wa waandishi wa Kampala haukudumu. Jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, lilihamia nje ya nchi baada ya serikali ya Obote kumweka Neogy kizuizini mwaka 1968. Wakati wa Idi Amin waandishi wengi walikimbia, na mwaka 1977 mtunzi wa tamthilia Byron Kawadwa aliuawa.

Mfano wa pili ni FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa mwaka 1996. Mwanzilishi wake ni Mary Karooro Okurut, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi Makerere. Katika ofisi yao ya Kamwokya, waandishi hukutana siku za Jumatatu, husomeana kazi ambazo hazijakamilika na kukosoana. Mwaka 2007 mwanachama wao, Monica Arac de Nyeko, akawa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine.

Je, Kiswahili kiko wapi katika historia hii? Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini katiba haisomi miswada. Mimi huandika hadithi fupi kwa Kiswahili, na nikimwonyesha mwalimu hunisahihisha ngeli. Ninamshukuru, ila bado sijui kama msomaji angependa kujua mhusika wangu aliishia wapi.

Kwa kuhitimisha, Ngũgĩ hakungoja kuwa maarufu ndipo atoe mswada wake, na wanawake wa Kamwokya hawakungoja wageni kutoka nje. Sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Kampala tunaweza kuanza na watu wanne, kila mmoja na kurasa zake, tukasomeana.