Maegesho ya Magari Yalipoingia Makumbusho

Oktoba 1975, waliofika kwenye jumba la George Eastman House mjini Rochester, jimbo la New York, walikuta ukutani vitu walivyozoea kuvipita bila kugeuza shingo: nyumba zinazofanana, maghala, barabara za lami, maegesho ya magari. Zilikuwa picha 168, karibu zote nyeusi na nyeupe.

Maonyesho hayo, New Topographics, yaliandaliwa na William Jenkins. Walioshiriki walikuwa Wamarekani wanane pamoja na Bernd na Hilla Becher, mtu na mkewe kutoka Ujerumani. Hadi wakati huo, picha ya mandhari huko Marekani ilikuwa na mfalme wake, Ansel Adams, aliyepiga picha za majabali na maporomoko ya Yosemite kana kwamba binadamu hajawahi kufika pale. Robert Adams, mmoja wa washiriki hao, ambaye licha ya jina hana undugu naye, alielekeza kamera kwenye mitaa mipya ya Colorado. Milima ilikuwepo, ila nyuma ya mapaa.

Kweli, njia ilikwishaanza kulimwa. Mwaka 1963 msanii Ed Ruscha alichapisha kijitabu cha picha 26 za vituo vya mafuta, vingi vikiwa kando ya barabara ya Route 66. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikikataa. Naye, kwa utundu wake, akalitangaza hilo jaridani.

Lakini waliozaa wanafunzi ni akina Becher. Tangu 1959 walikuwa wakipiga picha za minara ya maji, matanuru ya chuma na majengo ya migodi ya makaa, vingi vikisubiri kubomolewa. Walingoja siku ya mawingu ili kivuli kisipambe kitu, kisha wakazipanga picha kwa safu, mnara kando ya mnara. Hapo ndipo jicho huanza kuona tofauti ambazo mhandisi mwenyewe huenda hakuzikusudia.

Bernd alifundisha Düsseldorf, na mmoja wa wanafunzi wake ni Andreas Gursky. Picha ya Gursky ya 1999, Rhein II, ni mto, majani na mawingu tu. Cha kushangaza, majengo yaliyoonekana ng'ambo aliyafuta kwa kompyuta, jambo ambalo mwalimu wake asingelifanya. Novemba 2011 nakala yake iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3, bei ambayo hakuna picha ya kamera iliyokuwa imeifikia mnadani.