Njia ya Mtepe

Safari ya kuutafuta mtepe, chombo cha kale cha baharini, inafaa kuanzia mwisho wake. Zanzibar, ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, palijengwa upya chombo hicho kizima: mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, bila msumari wa chuma hata mmoja. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka.

Ukirudi nyuma hadi karne ya 19, unaukuta mtepe ukishuka kutoka visiwa vya Lamu na tanga lake la mraba la mkeka, umesheheni boriti za mikoko. Ulivuja mno. Mabaharia walifua maji usiku na mchana, na kamba zilipochakaa kazi ya kushona ilianza upya. Majahazi ya misumari hayakuwa na adha hiyo, na hatimaye yakatawala bahari.

Lakini watu waliovumilia adha ile kwa karne nyingi walikuwa na sababu. Ubao wa mtepe ni mgumu. Ukigongwa mwambani hupasuka. Kamba ya usumba hujikunja upendavyo na haiogopi maji ya chumvi, ila haibebi hata gunia moja la mtama. Vikishonwa pamoja hupatikana tabia ambayo hakuna kimojawapo kilichokuwa nayo: chombo kigumu cha kutosha kubeba shehena, na chenye kulegea kiasi cha kugusa mwamba au kukokotwa mchangani bila kuvunjika. Huwezi kuionyesha tabia hiyo kwenye ubao wala kwenye kamba. Imo katika mshono, yaani katika namna vitu viwili hivyo vinavyoshikana na kuachiana.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliliona jambo hilo wazi. Akieleza vyombo vilivyoshonwa vya Bahari ya Hindi, alisema kamba huvipa wepesi wa kunyumbuka vinapogonga mwamba, ilhali vya misumari huvunjika. Wareno wa Vasco da Gama mwaka 1498 nao waliandika kuhusu vyombo visivyo na misumari. Na nyuma zaidi, katika karne ya kwanza, mwongozo wa Kigiriki wa mabaharia uitwao Periplus ulikwishataja mashua za kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Minazi ingali imejaa pwani, na miti ya mbao ipo. Hata hivyo, ili mtepe ule wa Zanzibar ujengwe, ilibidi kutazama picha na vielelezo vya zamani.