Bendera Nyeupe ya Tanga, 1914

Hebu jiulize: jeshi la adui likifika mtaani kwenu, nawe huna silaha, utafanya nini? Ukimbie, ujifungie ndani, ama uinue bendera nyeupe?

Swali hili liliwakuta watu wa Tanga mwaka 1914, Wajerumani wakitawala Tanzania Bara ya leo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Gavana Heinrich Schnee alitaka miji ya pwani isitetewe. Aliona mji ukipigana utapigwa mizinga. Tena aliogopa wananchi wasije wakaasi, maana Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 havijasahaulika. Agosti 8, manowari ya Kiingereza, Astraea, ilipopiga mtambo wa redio Dar es Salaam, bendera nyeupe ikapandishwa. Mwezi huo huo yakafanywa mapatano na Dar es Salaam na Tanga: miji isipigane, nayo isipigwe.

Lakini wakubwa kule London hawakuyakubali. Asubuhi ya Novemba 2, Kapteni Caulfeild wa manowari Fox alimwita melini mkuu wa wilaya ya Tanga, Auracher. Akamwambia mapatano yamekwisha, mji usalimishwe kwa muda wa saa moja. Auracher akarudi pwani, na badala ya kusalimu amri, jeshi likapewa habari.

Kwa upande wa Wajerumani nako, Kamanda Lettow-Vorbeck hakutaka kusikia habari ya bendera nyeupe. Alipuuza matakwa ya gavana wake, akaleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Waingereza walikuja na watu kama 8,000, wengi wao Wahindi. Wakashindwa na jeshi la watu kama 1,000, na Novemba 5 wakarudi melini. Lakini vita viliingia hadi ndani ya mji, na mizinga ya meli ikaupiga.

Umeona basi? Gavana alitoa ahadi, makapteni wakatoa ahadi, na pande zote mbili zikazivunja. Mwenye nyumba yake pale Tanga hakuulizwa na yeyote.

Usidhani sisi wa Buruburu hayatuhusu. Jina la Kariokor, hapa hapa Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya ugomvi usio wao. Ahadi ni deni, na deni la wakubwa mara nyingi hulipwa na raia. Wazee wenu wangalipo, waulizeni.