Geza Ulole: Shamba, Chungu na Kujitegemea Pembezoni mwa Dar es Salaam

Kusini ya lango la bandari ya Dar es Salaam, upande wa Kigamboni, pana kijiji kando ya bahari kiitwacho Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo, na maana yake ni "jaribu uone". Kulola ni kuona. Na katika geza sikio la Mswahili yamkini litasikia undugu wa neno kigezo. Kabla ya hapo mahali hapo pakijulikana kwa jina la Mbwamaji, nao ulikuwa mji wa kale wa pwani, wenye makaburi ya wazee waliozikwa zamani kabla Sultani Majid bin Said wa Unguja hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Miji mingi ya Mrima ilipewa majina kwa miti, visima au watu wake. Huu ulipewa jina jipya ambalo ni amri, na khabari ya amri hiyo haieleweki bila ya kutazama kwanza watu wa pande hizo walikula nini na walikipataje.

Wazaramo, na Washomvi wa ukingo wa bahari, walikuwa na mapatano ya kale: nafaka na mihogo ya nchi kavu ilishuka pwani, samaki na chumvi ikapanda bara. Mtama ulikuwako, na mpunga katika mabonde ya mito, na kunde, mbaazi na viazi vitamu. Muhogo, uliovuka bahari kutoka Brazili kwa njia ya Wareno, uliikubali ardhi ya kichanga ya Temeke na Mbagala kuliko mimea mingi ya asili. Nao una sifa moja ambayo nafaka haina, yaani huweza kungoja. Ukiisha kukomaa hukaa chini ya ardhi miezi mingi, ukachimbwa siku ya haja. Kwa hiyo shamba lenyewe huwa ndilo ghala. Ukimenywa na kuanikwa huwa makopa, na makopa yakitwangwa huwa unga wa bada.

Mzizi wa muhogo hushibisha, lakini hauna protini ya kutosha kuujenga mwili. Wanawake wa pwani hawakuwa na habari ya neno protini, walakini chungu chao kilijua. Majani ya muhogo ule ule yalitwangwa yakawa kisamvu, yakapikwa kwa tui la nazi pamoja na kunde, na pembeni pakawekwa kipande cha papa au ng'onda. Vivyo hivyo matembele na mchicha. Wala kazi ya kuandaa muhogo mchungu haikuwa ya mchezo, kwa maana una sumu ya sianidi ambayo haitoki ila kwa kuloweka au kuvundika na kuanika kwa siku kadha wa kadha. Huko Tarime, mbali na pwani, mwaka 1985 palionekana wagonjwa waliopooza miguu ghafula baada ya ukame, kwa kuwa njaa iliwaharakisha watu kula muhogo usioandaliwa vyema. Waganga waliuita ugonjwa huo konzo, jina lililotoka Kongo. Maarifa ya chakula cha asili, basi, ni maarifa ya muda, na mtu aliyenyimwa muda hawezi kuyatumia hata akiwa anayo.

Mji ulipokua, mashamba haya hayakufa. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huo mnamo mwaka 1956 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, alikuta Wazaramo ndio wengi mjini kuliko watu wa kabila lolote jingine. Mwenye chumba Magomeni au Ilala aliweza kuwa na mama au shangazi mwenye shamba mwendo wa saa chache tu, na kikapu cha mihogo kilikuwa sehemu ya mshahara wake ambayo haikuandikwa katika daftari la tajiri. Hayo yote hayakuitwa kujitegemea. Hayakuwa na jina.

Serikali ya Kiingereza ilitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Kwa sheria ya mwaka 1944 ilijipa uwezo wa kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa", na aliyekamatwa bila ya kazi aliitwa mhuni, akarudishwa kwao shamba. Neno mhuni zamani lilikuwa na maana ya mtu asiye na makao, au aliyekaa bila ya kuoa. Mikononi mwa polisi likawa neno la sheria. Na shamba nalo likapata maana ya pili: mahali mtu apelekwapo. Mshamba, aliyekuwa mtu wa shamba tu, alikwisha kuwa mtu wa kuchekwa. Sasa shamba lenyewe likafanana na adhabu.

Hapana budi kuyakumbuka hayo yote tunapofika kwenye Azimio la Arusha la Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea iliyotoka mwezi wa Machi mwaka ule ule. Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe na shamba ili mwanafunzi akue kwa kufanya kazi, aamue na wenzake wapande nini na mapato yatumikeje. Fikira hiyo ilikuwa ya ukuaji wa mtu zaidi kuliko ya mavuno. Lakini katika shule nyingi kuamua kuliachwa na kulima kukabaki, na mara nyingi jembe likapewa mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele. Maana ya zamani ya neno ilikuwa na nguvu kuliko waraka.

Mbwamaji ikageuzwa kijiji cha ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu wasio na kazi wa Dar es Salaam wakapelekwa huko wakalime. Geza ulole. Wageni hao walikuta wenyeji walio na minazi yao, na mnazi mrefu wa pwani hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Aliyeupanda hupanda kwa ajili ya watoto wake, na kuumiliki ni kuwa na mizizi mahali. Mgeni hakuwa na mnazi, hakuwa na shangazi wa kumwonyesha udongo, na muhogo alioupanda ulitaka karibu mwaka mzima. Kuambiwa ajitegemee siku ya kwanza kulikuwa kama kumwambia mtoto mchanga atembee. Kuna walioondoka, kuna waliobaki. Waliobaki ni wale waliofungamana na wenyeji kwa ndoa, kwa ubia wa ngalawa, au kwa kuazimwa kipande cha ardhi.

Wakati huo huo mji ulikuwa ukijifunza kula kwingine. Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoundwa mwaka 1968, lilisambaza sembe, unga mweupe wa mahindi yaliyokobolewa, na serikali ikaupunguzia bei mpaka mwaka 1984. Sembe ilikuwa rahisi, haikutaka kinu wala mchi, tena ilikuwa na heshima ya weupe. Dona, iliyobaki na kiini chake na sehemu kubwa ya virutubisho, ikawa chakula cha wafungwa na wanafunzi wa bweni. Ukame wa 1973 na 1974 ulipoleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, watu wa mji waliuita unga wake yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya mpira. Mzaha huo ulificha aibu: nchi iliyotangaza kujitegemea ilikuwa ikila kwa meli. Mwaka 1975 redio iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakaketi katika vikundi kusikiliza masomo ya lishe. Mengi katika masomo hayo, juu ya majani na jamii ya kunde, chungu cha kisamvu kilikuwa kimekwisha kuyafundisha.

Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa tena katika njia za Dar es Salaam wakapelekwa vijijini na kwenye mashamba makubwa, na wengi wakarudi mjini. Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo, pasipo lori la serikali, mji wenyewe uligeuka shamba. Mishahara haikutosha hata juma moja, maduka yalikuwa matupu. Matuta ya mchicha yakaenea bonde la Msimbazi. Karani wa Kinondoni akafuga kuku na ng'ombe uani. Wanawake wa Temeke wakaamka alfajiri kwenda Mbagala kulima mihogo na matembele, wakala nusu wakauza nusu. Mkurugenzi wa ofisi alikunjua suruali akashika jembe Jumamosi, na hakuna aliyemwita mshamba. Tofauti kati ya watu hawa na wale wa kwenye lori haikuwa katika jembe wala katika mbegu. Hawa walichagua wenyewe siku, mahali na mmea, na usiku walilala nyumbani kwao.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa. Mbagala ya mihogo ni mtaa wa nyumba zilizosongamana. Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke, sasa ni wilaya, na tangu daraja lake lifunguliwe mwezi wa Aprili 2016 bei ya kiwanja ndiyo inayopima ardhi, wala si idadi ya minazi. Jioni, kandokando ya barabara ya Kilwa, mihogo hukaangwa na kuliwa kwa kachumbari na pilipili na watu watokao kazini, ambao wengi wao hawajapata kuuona mmea wake shambani. Mihogo hiyo huletwa kwa magari kutoka Mkuranga.